Misa ya Machteld

"Hakuna Machteld aliyezikwa katika kanisa hili," Padre Lambrecht alisema, kisha akamfungia tena mlango wa sakristia usoni.

Yule bibi akabaki amesimama nje, viatu vyake vya mti vimejaa tope la mji wa Oudemeer. Alikuwa ametoka mbali, visiwa vya kaskazini, alikokuwa akiuguza wakoma tangu ujana wake. Alikuwa amemweleza Padre yeye ni nani na anatoka wapi. Hakutaka makubwa. Alitaka misa moja tu ya wafu, isomwe kwa jina la dada yake Machteld, aliyefia katika mji huu.

Hasira zikampanda. Akazunguka, akaingia kwa mlango mkubwa, akajikuta amebanwa na mahujaji waliokuwa wakisukumana kulifikia kaburi la Mtakatifu Folkrada. Vipofu, viwete, akina mama na watoto wa homa, kila mmoja na shida yake.

"Bibi, wenzako wamepanga mstari," akamkaripia Bette, mwuza mishumaa. Alipomtazama vizuri akalainika. "Unaumwa nini?"

"Siumwi. Dada yangu alikufa hapa mwaka ule wa ndui. Hajasomewa sala hata moja kwa jina lake."

"Basi mwombe huyu. Naye ndui ndiyo iliyomwua, maskini. Aliuguza watu mpaka ikampata. Walimkuta kibandani kwake, uso umeharibika hautambuliki. Walimjua kwa joho lake la kijivu."

"Joho mtu anaweza kumwachia mwenzake."

Bette akacheka. "Wewe nawe mbishi. Haya, piga magoti, usizibe njia."

Akapiga magoti. Akaweka kiganja kwenye jiwe la baridi, na midomo ikaanza yenyewe: raha ya milele umjalie, ee Bwana.

Bette akamvuta bega. "We bibi, hiyo ni sala ya marehemu wa kawaida. Huyu hatumwombei. Tunamwomba."

Watu wakacheka. Kiwete mmoja akauliza kama ajuza huyu amekuja kumfundisha mtakatifu njia ya mbinguni.

"Miaka yote hii," bibi akasema, "kila mtu anamwomba, na hakuna hata mmoja anayemwombea."

Hapo ndipo Padre Lambrecht alipotokea. Wakati wa ndui alikuwa padre kijana, mgeni parokiani. Sasa nywele zote zilikuwa nyeupe. Akamshika bibi kiwiko, akamtoa kwa mlango wa pembeni mpaka uani, pasipo na mtu.

"Mji huu ulikuwa unakufa," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa tuna nyumba ya wagonjwa. Yatima wanakula. Na kuna watu wanapona pale, mama, nimewaona kwa macho yangu."

"Wapone. Sijaja kuwazuia. Nataka misa moja, Padre. Isome alfajiri, kanisa likiwa tupu."

"Misa ina jina. Nikilitaja, kesho watauliza kaburi la Machteld liko wapi."

"Waambie."

Padre akafungua lango la nyuma. Alitazama tope, alitazama ukuta, hakumtazama yeye.

"Rudi kwa wakoma wako, Folkrada," alisema.