Panzi wa Pili

Siku ya mwisho ya kazi kule Ufini, mimi na mwenzangu Mwajabu tulikuwa tumeshafunga mabegi. Kiangazi kizima tulihesabu panzi wa bawa jekundu mabondeni. Sheria ya sasa kila mtu anaijua: ukimhesabu kiumbe wa mwisho wa aina yake, unamkalia hukohuko kama mtu aliyefiwa, siku mia moja na thelathini, ndani, hutoki. Sisi tunaiita eda.

Mabonde mengine yote yalikuwa matupu; bonde la mwisho nikamkuta mmoja. Nikatafuta mwenzake mpaka magoti yakalowa umande. Hakuna.

"Andika wawili," Mwajabu akasema. "Mwanao Zulfa anajifungua wiki ijayo. Au utamzalisha kwa simu?"

"Mungu ananiona, shoga."

"Na Zulfa naye Mungu anamwona."

Nikaandika wawili.

Sasa niko Tanga, na mjukuu amezaliwa salama, alhamdulillahi. Marehemu mume wangu nilimkalia eda yake yote, sikuchungulia hata dirishani. Kwa hiyo na huyu panzi nimemvalia nguo nyeupe, nimekaa ndani.

"Mama, mbona hata sokoni huendi?" Zulfa ananiuliza.

"Miguu, mwanangu."

Jana Mwajabu alipiga simu. Ofisi ya Ufini imepeleka watu ishirini bondeni kumtafuta yule wa pili, na hawarudi makwao mpaka wampate. Mmoja wao, anasema, ana mke mjamzito.

Tangu alfajiri nimeishika simu, namba ya ofisi iko kiooni, na mtoto amenilalia mapajani.