Ujuzi Ulioondoka na Mshauri

Siku hizi mipango ya afya ya kaunti haiandikwi na sisi. Mshauri kutoka nje anakuja, anakushika mkono, na ujuzi wako unahamia kwake mpaka bajeti ipitishwe.

Mimi ni muuguzi. Asubuhi nilimpa ujuzi wangu wote wa homa za watoto. Jioni mwanangu Mwakio akachemka mwili, nami nimesimama na kipimajoto, sijui kinawekwa wapi. Nikampigia mshauri.

“Mkande kwa maji ya uvuguvugu, sista,” alisema, “kisha mwimbie ule wimbo wenu.”

“Wimbo upi?”

Akauimba. Mwakio akafumbua macho, akaikumbatia simu.

“Mama,” akaiambia, “rudi nyumbani.”