Jibu Lililokwenda kwa Wote

Njiwa wa Rukia alikuwa amelala kapuni, shingo imepinda. Rukia aliuliza dawa kwenye kundi la barua pepe la wafugaji, na Mzee Makame, anayelisimamia, akamjibu kwa somo refu: barua haina kichwa, haina salamu, aandike upya.

Rukia akamwandikia shoga yake Hadia: "Mzee huyu anajua kila kitu isipokuwa kunyamaza." Kumbe ameijibu barua ya kundi, maneno yake yakawafikia wote.

Hadia akapiga simu mbio. "Umejichoma, shoga! Atakutoa."

"Na njiwa wangu je?"

Desturi ya kundi ni kwamba aliyekosea mbele ya wote huomba radhi mbele ya wote. Rukia akaandika: "Shikamoo mzee. Nimekukosea. Nisamehe." Suala la njiwa hakuligusa, aliona haya kuomba mawili kwa pamoja.

Jibu likaja, kwa wote pia. "Marahaba, binti. Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini. Njiwa wako mlishe kwa mkono, mtama uliolowekwa, punje moja moja. Usimharakishe."

Rukia akaloweka mtama. Akaufungua mdomo wa njiwa taratibu, akaweka punje ya kwanza, akaliangalia koo.