Miwani ya Waajiriwa

Pilipili aliruka kaunta ya stoo kabla msimamizi hajamaliza kusema hapana.

Katoni ya miwani ya jua ilikuwa wazi mezani. Alichomoa moja, akatoka mbio kuelekea kwenye vidimbwi vya chumvi. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ya ulimi wake, lakini asubuhi ile hata mikono yake iliwasha.

“Rudisha,” msimamizi alisema nyuma yake, akitweta. “Hiyo ni ya waajiriwa. Nyinyi ni vibarua.”

“Jua nalo linachagua?”

Hakuitaka kwa ajili yake mwenyewe. Alikwenda moja kwa moja hadi kidimbwi cha mwisho, ambako bibi mmoja alikuwa akikokota chumvi kwa reki. Macho yake yalikuwa mekundu, kope amezibana kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kwa miaka tisa jua lilimchoma kutoka juu, na chumvi nyeupe ikamrudishia mwanga uleule kutoka chini. Mtandio ulikinga utosi tu.

Pilipili akamvisha miwani. Bibi akainua uso, akafumbua macho taratibu.

“Kumbe kule kuna miti,” alisema.

Msimamizi akawafikia. Alimkazia macho Pilipili, kisha akatazama rundo la chumvi, kisha viatu vyake.

“Mvue.”

“Mvue wewe, kama una uso.”

Vibarua wote waliacha reki. Mkono wa msimamizi haukwenda popote. Bibi aliivua mwenyewe, akaikunja, akaiweka juu ya chumvi. Msimamizi akaiokota, akaifuta kwa shati.

“Wewe kusanya vyako,” akamwambia Pilipili. “Huna kazi hapa.”

“Mama aliyekuzaa alipata hasara.”

Hapo ndipo bibi alipogeuka. “Usimtukane mama yake, mwanangu. Yeye amekukosea nini?”

Pilipili alimwona mjinga. Amenyang’anywa miwani machoni, bado anatafuta adabu! Hata hivyo alimshika mkono, wakaondoka wote wawili hadi hospitali.

Daktari wa macho alimmulika bibi jicho moja, kisha la pili, akakunja uso.

“Hii nyama iliyoota ni kazi ya jua. Inakaribia kuziba mboni. Bibi, hukuvaa miwani?”

“Nilikuwa na moja ya sokoni. Nyeusi tii.”

“Weusi peke yake si kinga. Giza linaipanua mboni, na kama kioo hakizuii miale, inaingia mingi zaidi. Ungepata miwani ya kweli tangu mwanzo, tusingefika huku.”

“Ipo katoni nzima,” Pilipili alisema. “Imekaliwa na shetani mmoja.”

Bibi aliinamisha kichwa.

“Tutakupasua kesho kutwa,” daktari aliendelea, akivuta fomu. “Utafungwa macho siku kadhaa, kwa hiyo lazima awepo ndugu wa kukuangalia. Una mtoto?”

“Ninaye mmoja.”

“Tumwite basi. Yuko wapi?”

Bibi alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

“Yuko kazini,” alisema. “Ndiye aliyemfukuza huyu asubuhi.”