Bunduki ya Pampu ya Bi Lavonne

Haya, wewe uliyetulia hapo, nitegulie hiki: hula kumi, hutema kumi, na tumbo lake halijashiba hata siku moja. Usiniangalie mimi. Ni bunduki. Na siku ile zilikuwa tatu, zimelala juu ya meza dukani kwa Dwight Kessler, kule Wyoming, na Bi Lavonne Strand anazigongagonga kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Nataka ya pampu," alisema. "Na iwe inakula risasi ya arobaini na tano."

Hilo la arobaini na tano Dwight alilielewa. Ndiyo risasi ya zile bastola mbili za silinda ambazo Lavonne huzivaa kiunoni miaka yote. Bunduki ikila risasi ileile, mkanda mmoja unatosha, na mtu hababaiki katikati ya mashindano. Ila hilo la pampu lilimshinda.

"Bi Lavonne, umeshinda miaka ishirini na miwili kwa bunduki ya wenzo, ile ya kukoki kwa mkono wa chini. Iko wapi?"

"Nimempa mpwa wangu."

"Wiki ya mashindano?"

"Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa."

Dwight alijikuna kichwa. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini Lavonne ndiye aliyemfundisha darasa la pili, na mbele yake bado alijihisi kama hajamaliza kazi ya nyumbani.

Mashindano yenyewe ni ya wale wanaovaa kama wachunga ng'ombe wa zamani, na kila mmoja hujiandikisha kwa jina la kubuni. Orrin, mumewe Lavonne, alijiandikisha Radi, ingawa hajawahi kushika nafasi ya kwanza. Kila mwaka Lavonne wa kwanza, Orrin wa pili. Sasa macho ya Orrin yalikuwa yanafifia. Daktari alisema theluji ya mwaka huu ikija kuyeyuka, hataziona tena shabaha. Jumamosi ingekuwa mara yao ya mwisho kupambana.

"Nataka iishe vizuri," alisema Lavonne.

"Yaani unaitaka na ya ishirini na tatu! Si umhurumie mzee wa watu?"

"Yeye alinihurumia lini? Mikate yangu anaiita matofali."

Dwight akacheka, akajaza risasi bandia kumi katika bunduki ya kwanza. Lavonne akavuta kishikio cha mbele, akasukuma, akavuta, akasukuma. Zikatoka zote kumi.

"Kitako kirefu," akasema, akaiweka kando.

Ya pili nayo ikatema kumi bila kusita.

"Siipendi rangi yake."

Ya tatu ilikuwa na mtutu wa buluu iliyoiva na mti uliong'arishwa ukawa kama asali. Ilifika ya sita, ikakwama. Dwight alilazimika kuichokonoa kwa bisibisi.

"Hii ndiyo," alisema Lavonne.

"Hii! Mwalimu wangu, nakwambia kwa mdomo wangu, na mimi ndiye muuzaji: hili ni pambo la ukutani. Kuna siku itakwenda vizuri, kuna siku itakuumbua mbele za watu."

"Ni nzuri."

Dwight alikuwa ameshawaona wengi wakipumbazwa na mti unaong'aa. Hakudhani mwalimu wake naye angekuwamo.

"Lakini mbona hii, kati ya zote?"

"Niulize Jumamosi. Nifungie."

Jumamosi jua lilikuwa kali na upepo mdogo. Vituo vilikuwa sita. Kila mmoja hupiga kwa bastola, kisha kwa bunduki, saa inahesabu, na kila kosa huongeza sekunde tano. Walio nyuma yako ndio wanaohesabu makosa yako. Orrin, aliyekuwa amemaliza zamu zake zote, alisimama nyuma ya mkewe kama kila mwaka. Siku hizi alihesabu kwa sikio tu, maana shabaha ni za chuma, na zikipigwa hulia.

"Jiandae kupika leo, bibi!" alimtania.

"Nyamaza, usije ukapoteza hesabu."

Vituo vitano, bunduki ya pampu ilikwenda kama maji. Chuma kililia kila risasi. Lavonne alitoka kila kituo amebana midomo, hasemi na mtu. Watu wakamwona ana wasiwasi wa mwisho wa safari. Alikuwa anaongoza kwa sekunde ishirini na sita.

Kituo cha sita, baada ya risasi ya nne, ganda likanasa. Akavuta. Akasukuma. Wapi. Sheria iko wazi: bunduki iliyokwama huwekwa mezani mtutu ukitazama mbele, na risasi zilizobaki huhesabiwa makosa. Zilibaki sita. Sekunde thelathini.

Lavonne aliiweka mezani taratibu.

Walipotangaza matokeo, Orrin alitupa kofia juu na hakuiona ilipoangukia. "Sekunde nne! Miaka ishirini na miwili nala vumbi lako, mama! Leo unapika, na vyombo unaosha wewe!"

"Chuma chenyewe kibovu," alisema Lavonne.

"Fundi mbaya hulaumu chuma! Mmemsikia?" Orrin akaondoka kwenda kuwasimulia waliokuwa wameshaona, mkono umeshika tuzo ya mshindi, anaipapasa herufi kwa kidole gumba.

Dwight alikuja kofia mkononi, hana raha hata kidogo.

"Nisamehe, mwalimu. Ningeificha ile bunduki. Umekaa mezani kwangu, nimekuonyesha mbili nzima, umeziacha. Mbona uliichagua ile?"

Lavonne aliangalia kwanza kama Orrin yuko mbali.

"Ningekosa makusudi," alisema, "angesikia."