Hodi ya Nne

Waamuzi wa shindano walikwisha kuusifu mchezo wa kompyuta wa Kitwana. Walipenda ngazi zisizoonekana mpaka mchezaji aseme "hodi" kwenye maikrofoni, ndipo kikaragosi kipate pa kurukia. Walilalamika tu kwamba unachelewa kusikia.

"Nimeutunga peke yangu," alisema Kitwana. "Miaka miwili sikulala."

Shemsa, aliyeutunga kweli na kumwonyesha Kitwana kwa kumwamini, alinyoosha mkono kutoka safu ya nyuma.

"Hongera, kaka. Hebu tufikishe kwenye mlango wa mwisho."

Kitwana alicheka, akaruka ngazi kwa ngazi mpaka mlangoni.

"Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Akaita mara ya nne, sakafu ikapasuka na kikaragosi kikatumbukia.

Akarudia. Kikatumbukia tena. Ukumbi ukaanza kucheka.

"Una hitilafu kidogo," alisema huku akijifuta jasho.

"Hauna," Shemsa alijibu. "Rudia, kaka. Tunakungoja."

Kikaragosi kilipotumbukia mara ya tano, mwamuzi mmoja, mama mtu mzima, alishindwa kuvumilia. "Mwanangu, hodi ni tatu! Usipojibiwa unageuka, unaondoka. Kwenu hukufunzwa?"

Kitwana aliita mara tatu, akakigeuza kikaragosi. Nyuma yake mlango ukafunguka, na kutoka kwenye spika ikaja sauti ambayo ukumbi mzima ulikuwa umetoka kuisikia, sauti ya Shemsa.

"Nani?"

Vichwa viligeukia safu ya nyuma. Shemsa alikunja mikono, akatulia.

"Nani?" mlango uliuliza tena, na Kitwana alikuwa bado ameishika maikrofoni.