Gunzi Alilolikataa Ngiri

Wanyama walipoanza kucheza polo juu ya baiskeli, wakigombea mpira kwa magongo, hakuna aliyejikinga kama Ngiri. Alivaa helmeti, kinyago cha waya na pedi za magoti. Komba, mwoga wa kila kitu, akamfuata na gunzi la hindi mkononi.

"Ndugu yangu, ncha ya usukani wako ni bomba tupu, inakata kama kisu. Izibe kwa hili."

Ngiri akacheka. "Kwani inanielekea mimi? Anayeiogopa na akae mbali."

Komba akalitia gunzi kibindoni. Mchezo ulipopamba moto, Ngiri aliwapiga wenzake vikumbo, nao wakampisha kwa kuihofia ncha ile. Mwishowe akamvamia Komba. Komba akakwepa, Ngiri akaanguka na baiskeli yake. Usukani ukageuka, ukazama tumboni mwake, mahali alipopaacha bila kinga.

"Komba," akanong'ona, "lile gunzi bado unalo?"

Komba akalitoa haraka, akalikandamiza kwenye jeraha kwa mikono miwili. Lakini gunzi la kuziba bomba halizibi tumbo. Lililowa damu chepechepe, na Komba akaendelea kulikandamiza hata Ngiri alipokwisha kunyamaza.